Ndiyo, Afande, Tangu Asubuhi

Kwa kitabu cha polisi mimi ni mtu aliyegonga mama kwa gari la abiria pale Kabiro, akakimbia bila kusimama. Mama huyo sikumgonga. Wakati anagongwa nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda kando ya kibanda cha makaa, mbali kabisa na hapo, nikinywa uji. Wako watu wanaojua hivyo na wanalala vizuri. Nimeambiwa nisiandike majina yao. Sawa. Nitaandika kazi zao. Wenyewe watajijua, na majirani watawajua.

Nilisoma mpaka darasa la tano kwetu upande wa ziwa, halafu nikaja Nairobi kwa mjomba, Laini Saba. Kitabu kinanishinda, lakini barabara naisoma. Niliendesha magari ya abiria miaka mingi, mpaka siku lori lilipotufinya kwa ukuta, mguu wangu wa kushoto ukavunjika pahali pawili. Uliungwa, lakini ukakataa kukunjika vizuri. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Dereva wa Nairobi anakanyaga klachi kutoka alfajiri. Mimi nikikanyaga nusu saa goti linawaka moto. Nikaacha kuendesha.

Leseni sikuiacha. Kila ilipoisha nililipia tena, pamoja na ile karatasi ya polisi ya tabia njema ambayo bila hiyo hubebi abiria. Mke wangu aliuliza, "Unalipia nini kitu hutumii?" Nikamwambia mtu hafuti jina lake kwa sababu anaugua. Leseni yangu ilikuwa nzima kuliko mguu wangu, na niliitunza ndani ya Biblia.

Sasa huyu wa kwanza. Ni mwenye gari. Ana magari matatu, yeye ndiye mwenyekiti wa stegi yetu ya Kawangware, na ploti niliyopanga ni yake, ya babake tangu zamani. Ukitoka nyumbani umekanyaga udongo wake, ukipanda gari umekalia kiti chake. Alinikuta mlangoni siku moja, nimenyoosha mguu juani.

"Mzee, leseni yako inalala tu kama paka," akasema. "Wacha niipatie kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Gari zetu zinatoka Kawangware zinaenda mpaka Soko la Toi. Katikati, kabla ya kuingia barabara kubwa, kuna kona, na mbele ya kona ndipo trafiki husimama. Askari akiwa na sare, akainua mkono, unasimama. Akiomba leseni, unatoa. Hiyo sheria sikuisoma popote, lakini hakuna dereva asiyeijua. Shida ni kwamba wengi pale stegi walikuwa hawana leseni ya kubeba abiria. Walijua kuendesha, lakini karatasi hawakuwa nayo. Basi mimi nilikaa nyuma ya kona, kwa kibanda cha makaa. Gari likifika, dereva anasogea kiti cha pili, mimi naingia kwa usukani, navusha gari mbele ya trafiki na leseni yangu nzima, na tukishapita mteremko nashuka, yeye anarudi kwa kiti chake. Halafu narudi kwa miguu, pole pole, kungoja linalofuata.

Kwetu mto ukifurika kuna wanaume wanaobeba watu mgongoni kuwavusha ng'ambo. Stegi nzima ikaniita Mvushaji. Abiria pia walijua. Nikiingia tu, lazima mtu apige kelele huko nyuma:

"Haya, pasta ameingia, tufunge macho tuombe!"

"Mvushaji, angalia usituzamishe!"

Na mimi nilikuwa najibu, "Asiyejua kuogelea alipe mara mbili," wanacheka. Wakifika mbele ya askari wananyamaza kama watu wa matanga. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kusema, "Afande, huyu siye." Walikuwa wanataka kufika kazini.

Siku moja askari mmoja mgeni alishuku. Aliuliza, "Wewe ndiye dereva wa hii gari?" nikababaika. Mwenye gari aliposikia alinipa somo. "Ukiulizwa, usifikirie. Sema, ndiyo, afande, tangu asubuhi. Hivyo tu. Tangu asubuhi." Nikafanya mazoezi mpaka ikawa kama amina. Nimeisema mara ngapi sijui. Nimeisema nikiwa na homa, nimeisema kwa gari ambalo nilikuwa nimeliendesha hatua mia mbili.

Sitajifanya sikujua ubaya wake. Nilijua. Trafiki wamewekwa pale ili asiye na leseni asipite, na kazi yangu ilikuwa kumpitisha. Lakini nilikuwa nikitazama mguu wangu, natazama sufuria, najiambia hawa nawavusha ni watu wa tumbo moja na mimi, wanatafuta.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, si mtoto wa kusema alidanganywa. Alipotoka nyumbani alilala kwangu nyuma ya pazia karibu mwaka mzima. Mimi ndiye nilimwonyesha gia. Mikono yake ilikuwa mizuri lakini macho yake hayakutulia, alipenda kutazama simu, alipenda kutazama kama watu wanamtazama. Nilimwambia mwenye gari, "Huyu bado." Akanijibu, "Atakomaa huko huko barabarani." Akampa gari. Na kila siku nilimvusha yeye pia. Hilo ni langu, sitampa mtu mwingine alibebe.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, watu bado wengi njiani. Nikaona gari la shemeji linakuja. Nikainuka, nikajipangusa. Gari likasimama mbali kidogo na pale linaposimama siku zote. Halikuwa na abiria. Saa hiyo, gari tupu! Makanga pia hakuwepo. Na shemeji badala ya kusogea kiti cha pili akashuka.

"Abiria wako wapi?" nikauliza.

"Wameshuka."

"Wote?"

"Shemeji, peleka tu. Niko nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi, na gari ndiyo hii?"

"Peleka, mwenyekiti amesema upeleke mpaka Toi. Mimi tumbo linanisumbua."

Alikuwa na kofia nyekundu siku zote. Siku hiyo alikuwa ameikunja mkononi, anaifinya kama nguo iliyofuliwa. Nikaona kioo cha mbele kina ufa upande wa kushoto. Lakini gari gani la stegi yetu halina ufa? Nikaingia. Nikakanyaga klachi, goti likanisalimia, nikaenda.

Pale kona walikuwa askari wawili. Mkubwa wao ni sajenti niliyemjua kwa uso, naye alinijua kwa uso. Huyo ndiye wa tatu. Akainua mkono. Nikasimama. Nikatoa leseni kabla hajaomba, ndivyo nilivyozoea, na yeye siku zote alikuwa anaitazama nusu anarudisha. Siku hiyo aliishika. Akaenda mbele ya gari, akainama upande wa kushoto ambako mimi nilikuwa sioni, akakaa hapo. Akarudi dirishani.

"Wewe ndiye dereva wa hii gari?"

"Ndiyo, afande, tangu asubuhi."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Akamwita mwenzake. "Hebu sema tena, huyu asikie."

Na mimi, na ujinga wangu wote, nikasema tena. Kwa sauti. Nikaongeza hata tabasamu.

"Basi shuka, mzee," akasema. "Umegonga mama pale Kabiro, na hukusimama."

Nilishuka. Mguu ulikataa nikashika mlango. Ndipo nikaona taa ya kushoto imevunjika, na kwenye chuma kuna kitambaa kimeshikwa, kipande cha leso ya kujifunga. Nikageuka kutafuta shemeji. Nilimwona mgongo tu, anapanda kurudi Kawangware, hakimbii, anatembea kama mtu ametoka kununua mkate.

"Si mimi, afande," nikasema. "Mimi nilikuwa navusha tu."

"Unavusha nini?"

Ningesema nini? Kwamba kila siku namdanganya yeye, ila leo tu nasema ukweli? Akafunga daftari lake.

Mchana mwenye gari alikuja kituoni na chai kwenye chupa na mandazi ya moto. Askari wakampisha kama mgeni wa heshima. Akaketi karibu yangu kwa benchi, akanimiminia mwenyewe.

"Kunywa, mzee wangu. Nisikize. Mama yuko hai, nyonga imevunjika, mguu pia. Matibabu ni mengi. Bima inalipa kama aliyekuwa kwa usukani ako na leseni. Kijana hana. Wewe uko nayo. Ukisema ni yeye, bima inanawa mikono, mama anabaki na mguu wake umening'inia. Ukisema ni wewe, mama anatibiwa, wewe unapigwa faini, faini ni yangu. Hakuna anayeumia."

"Nilishasema ni mimi," nikamwambia. "Kabla hujafika."

"Najua," akasema. "Ulisema vizuri."

Nikaweka kikombe chini. Nilimuuliza amejuaje nilichosema. Akanipanguzia makombo ya mandazi kwa shati, hivi, kama mama anavyompanguza mtoto, akaondoka. Hapo ndipo nilielewa kwamba lile gari halikuletwa kwangu kuvushwa. Mimi ndiye niliyeletewa lile gari, nikamatwe nalo.

Waliniachilia kwa dhamana, nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani kama kuna msiba. Alikuwa ameshaambiwa yote na nduguye.

"Ni damu yangu," akasema. "Akienda ndani, watoto wake watakuja hapa. Utawalisha?"

"Na mimi nikienda ndani?"

"Wewe uko na leseni. Mwenye leseni hafungwi hivyo. Anaonywa tu."

Hakuwa ananidhihaki. Aliamini. Pale kwetu wote tuliamini hivyo, hata mimi kidogo: kwamba leseni ni kama hirizi, ukiwa nayo mkononi serikali inakuwa na huruma. Tuliona askari wakiitazama na kuirudisha, wakiitazama na kuirudisha, tukafikiri inakinga kila kitu. Kumbe ndiyo iliyonifunga. Asiye nayo hakuna hata aliyemuuliza kama ni dereva.

Siku chache baadaye nikaenda hospitali. Sijui nilitaka nini. Nilibeba machungwa. Yule mama alikuwa muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, pale Kabiro, mtu wa kwetu upande wa ziwa, umri wangu hivi. Mguu wake ulikuwa umefungwa umeinuliwa kwa kamba. Alinitazama bila kunitambua.

"Wewe ni nani, baba?"

"Mimi ndiye dereva. Wanasema mimi ndiye dereva."

Alinikagua kutoka kichwani mpaka kwa mguu wangu mbaya. Akacheka kidogo, ikamuuma, akaacha.

"Wewe? Wewe hata mbio huwezi. Aliyenigonga nilimwona. Ana kofia nyekundu. Nilikuwa chini pale, nimelala kwa omena yangu, akageuza kichwa akanitazama. Tuliangaliana, baba. Halafu akaenda."

"Utasema hivyo kortini?"

"Nitasema nilichoona. Ningesema nini kingine? Mimi ni mtu wa kanisa."

Nilimenya chungwa nikampa. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye miguu miwili. Nikaenda kwa mwenye gari, nikamwambia mlangoni kwake, mbele ya wapangaji wake, kwamba sikubali makosa ambayo si yangu. Atafute mwingine. Nimepata shahidi.

"Nani?" akauliza.

Na mimi nikamwambia. Nilikuwa na furaha mno kuweza kunyamaza. Mtu mwenye akili anaficha kuku wake kabla ya kutangaza karamu. Mimi nilimwonyesha banda.

Siku ya kesi nilivaa koti la harusi. Nilikana mashtaka. Sajenti alisimama kwanza, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa: "Nilisimamisha gari kulingana na mamlaka niliyo nayo, nikaomba leseni, akatoa leseni yake mwenyewe, halali, nikamuuliza kama yeye ndiye dereva, akasema ndiye, tangu asubuhi. Nikamuuliza tena. Akasema tena, mwenzangu akisikia." Kila neno lilikuwa kweli. Nilimsikiza nikafikiri, huyu mtu hajadanganya hata pahali pamoja.

Halafu akaitwa mama. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na aliyekisukuma alikuwa mwenye gari. Aliposhika Biblia nilimuombea. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza kama aliyemgonga yuko ndani ya chumba kile.

Shemeji yangu alikuwa ameketi benchi la nyuma, karibu na dadake, kichwa wazi.

Mama aliinua mkono, akauelekeza kwangu. "Ni huyu," akasema. Hakunitazama. Alikuwa akitazama mkono wake wa pili, uliolala juu ya blanketi.

Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Nilikuwa na maswali mengi. Nikaona ule mguu wake, na bandeji mpya nyeupe, na viatu vipya ambavyo mtu alimnunulia ingawa hakuweza kutembea. Nikasema, "Sina." Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au niliishiwa nguvu. Watu wa kanisa langu wanapenda kusema nilimhurumia. Nawaachia.

Ilikuwa faini au kifungo, na leseni ikachukuliwa. Mwenye gari alikuwa ameahidi faini, lakini mimi nilikuwa nimevunja mapatano, kwa hivyo simu yake ikawa haipatikani. Nilimwona dirishani akimsukuma mama kwenda kwa gari, akimfunika blanketi vizuri miguuni. Mke wangu alilia. Nduguye alimshika bega. Mimi nikashushwa chini.

Ya jela sitaandika mengi. Nililala upande mmoja kwa sababu ya mguu, nikijua nikigeuka namlalia mtu. Niliugua kifua nikapona. Wengine hawakupona. Nilitoka.

Nilipotoka shemeji alikuwa na leseni. Halisi! Alikuwa ameenda akafanyiwa mtihani, akalipia kila kitu, akapata na karatasi ya tabia njema, kwa sababu tabia yake kwa kitabu cha polisi ilikuwa njema. Alikuja kunisalimia na kilo mbili za sukari.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele," akasema.

"Hiyo methali inasemwa na mgonjwa," nikamjibu, "si na aliyeleta ugonjwa." Alicheka kama mtu aliyesikia mzaha. Mke wangu alipokea sukari. Chai ya sukari hiyo sikunywa, lakini niliwaona wakinywa.

Nilirudi Laini Saba kwa muda, nikachomelea mageti kwa karakana ya fundi wa jua kali. Macho yakaanza kutoa machozi. Ndipo nikasikia kuna mwenye pikapu ya kubeba mboga anayetaka dereva wa kuendesha kidogo tu, kutoka sokoni mpaka vibandani. Gari lenyewe ni la otomatiki, halina klachi. Niliposikia halina klachi moyo uliruka. Miaka yote ile sikuwahi kufikiria gari lisilohitaji mguu wangu wa kushoto. Muda wangu wa kunyimwa leseni ulikuwa umeisha, ningeweza kuomba upya. Lakini mwenye pikapu alitaka karatasi ya tabia njema. Nikaenda kuiomba. Ilirudi imeandikwa kwamba niligonga mtu nikatoroka.

"Ungekuwa umegonga tu ningeelewa," mwenye pikapu akaniambia, na alisema kwa upole. "Kugonga ni kwa wote. Lakini kutoroka, mzee wangu, hiyo ni roho ya mtu."

Hapo ndipo nilienda kumtafuta sajenti. Alikuwa pale pale kwenye kona, anakula mahindi ya kuchoma, na kando ya kibanda cha makaa niliona mwanaume mwingine ameketi kwa kreti, mzee kuliko mimi, na leseni yake mfukoni. Nikamwambia sajenti kila kitu, jinsi tunavyovusha, tangu lini, nani, wapi. Nilidhani nitamshtua. Nilikuwa nimejitayarisha hata kukamatwa upya.

Alimaliza mstari wa mahindi kwanza.

"Mzee, wewe ulidhani sijui? Mtu anapita mbele yangu na gari, halafu anarudi kwa miguu akichechemea, halafu anapita na gari nyingine, halafu anarudi akichechemea. Kutwa nzima. Ulidhani mimi ni mlingoti?"

"Na mbona hukutushika?"

"Kazi yangu ni kusimamisha gari niulize leseni. Nilisimamisha. Nikauliza. Ukanionyesha. Ilikuwa nzima."

"Na siku ile? Ulijua si mimi."

Akatupa gunzi la mahindi. "Siku ile ulisema ni wewe. Nilikuuliza mara mbili, mzee. Mara mbili! Nani mwingine angekuuliza mara mbili?" Akasema hivyo kama ananidai shukrani. Halafu akainua mkono, gari la stegi yetu likasimama, na yule mzee wa kreti akatoa leseni dirishani kabla hajaombwa.

Nilibaki na mtu mmoja. Nilimkuta mama Kabiro, ameketi nyuma ya meza yake ya omena, mkongojo umeegemea ukuta. Aliniona kutoka mbali. Hakukimbia, angekimbiaje. Akapanguza stuli kwa kanga.

"Keti, baba."

Sikuketi. Nilimwambia nimekuja kumwomba kitu kimoja. Twende kituoni mimi na yeye, aandikishe kwamba aliyemgonga siye mimi. Kifungo nimeshamaliza, sitaki fidia, sitaki mtu afungwe. Nataka tu jina langu lifutwe pale, nipate kuendesha mboga.

Alipanga omena kwa muda mrefu, akifanya mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Mwenye gari alikuja hospitali jioni ile ile ulipotoka," akasema. "Machungwa yako yalikuwa bado kwa meza. Alikuja na karatasi ya daktari. Wangenipasua siku ya pili au wanirudishe nyumbani hivyo hivyo. Alisema ni wewe au ni mguu."

"Ungeniambia."

"Ungesemaje?"

Nikatazama mkongojo wake.

"Niko na chuma ndani hapa, baba, kutoka huku mpaka huku." Akajigusa juu ya nyonga. "Walisema nikigeuza maneno, watadai kila kitu walicholipa, mpaka chuma. Chuma nitakitoaje? Wataniweka kwa mizani?" Alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. "Kila Jumapili nakuombea."

"Usiniombee," nikasema. "Njoo kituoni."

"Siwezi."

"Basi angalau nitazame unapokataa."

Akanitazama. Ilimchukua muda, lakini alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Nilidhani nikitazamwa kitu kingetulia ndani yangu. Hakikutulia. Nilikuwa nimesimama tu mbele ya meza ya omena, na mteja nyuma yangu anauliza kama foleni inasonga.

Mama akachukua karatasi ya gazeti, akapima vikombe viwili, akaongeza cha tatu, akafunga, akanisukumia. Nilitaka kumwachia pale mezani. Nilikuwa hata nimegeuka nusu. Halafu nikachukua, kwa sababu siku hiyo nyumbani hakukuwa na mboga.